Mgonjwa Aliyelala Juu ya Chukudu

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Manyunyu, bila upepo. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Himbi, mjini, kwa pikipiki na chupa sita za serumu ya dripu, nikizipeleka kwenye zizi letu la kutibia wanyamapori huko Munigi, alikolazwa ndama wa tembo aliyepigwa risasi ya paja na wawindaji haramu. Risasi niliitoa Jumanne. Jeraha lilikuwa safi. Hata hivyo, alizidi kuhema.

Jambo moja lilinisumbua: hakuwa na pembe. Nani hupoteza risasi kwa mnyama wa miezi saba?

Langoni nilimkuta mwanamke ameshikilia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Juu yake, chini ya turubai, alilala mwanamume. Tumbo lake lilikuwa limevimba hadi ngozi inang'aa.

"Mama, hapa tunatunza nyama wa pori. Mupeleke hospitali."

"Hospitali zilimuchoka, Docteur. Mimi ni Mukamugema. Huyu ni bwana yangu, Habiyaremye. Tulikuja kuuliza hali ya tembo."

"Mulijua namna gani kama iko hapa?"

Alisogea, akanong'ona:

"Usimuache tembo akufe, Docteur... Bado."

Nilidhani ni huruma.

Ndani, muuguzi wangu Charline alinipa kifaa cha kusikilizia moyo bila salamu.

"Sikia, Docteur. Uniambie kama niko mwenda wazimu."

Nilisikia maji tumboni mwa ndama. Yalicheza kama ndani ya bidoni ya maji inayotikiswa. Asubuhi tumbo lile lilikuwa bapa. Sasa lilikuwa limejaa. Na palikuwa na harufu: tumbaku, jasho, shuka za mgonjwa wa siku nyingi.

Harufu ya mtu.

Nilimdunga dawa ya kukojoza. Hakukojoa. Nilichoma sindano ndefu tumboni ili kuyatoa maji, mara nne, mahali panne. Halikutoka tone.

Nje, mwanamume alikohoa.

Tumbo la ndama likapanda.

Akakohoa tena...

Likapanda.

"Docteur," Charline alisema, "watu wa kwetu Ndosho wangefunga mulango na kurudi nyumbani."

"Na wewe wa Ndosho, unasema nini?"

"Nasema tufunge."

Lakini alibaki, akaushika mkonga wa ndama kwa mikono miwili. Mimi nilibadilisha chupa, nikabadilisha dawa, kisha sikuwa na kitu kingine cha kubadilisha. Saa moja na dakika kumi na mbili, moyo wa ndama ulisimama.

Nilikimbilia langoni.

Habiyaremye alikuwa amesimama wima, akikaza suruali yake kwa kamba, kwa kuwa ilimpwaya. Ngozi ya tumbo ilining'inia kama nguo iliyolowa.

"Asante, Docteur," alisema kwa upole. "Ulimutunza muzuri. Kama alikufa Jumanne, mbele maji yangu haijaisha kupita kwake, ningeenda naye."

Alipiga goti juu ya chukudu, mkewe akamsukuma mara moja, wakateremka kuelekea mjini. Nilisikia magurudumu yakigonga mawe ya volkano. Kisha sikusikia kitu.

Ijumaa asubuhi nilimpasua ndama. Moyo mzima, figo nzima, ini zima. Katika ripoti niliandika kwamba sababu ya kifo haijulikani. Mwanzoni, kisu kilipogusa tumbo, maji yalitoka yenyewe, ya manjano, bado yana joto. Tuliyapima mara mbili, kwa sababu Charline alikataa kuamini mara ya kwanza.

Lita kumi na tisa na nusu.