Mbegu Ndani ya Kofia ya Leza

Kofia ilikuwa ya moto, na waya wake umening'inia tu, haujachomekwa popote. Kinyozi aliigusa, akarudisha mkono, akaguna. "Joto la dirishani hilo," akajiambia, ingawa chumba kile cha nyuma hakikuwa na dirisha.

Jamani, msimcheke, alikuwa amechoka. Kinyozi mwenye kipara ni kichekesho cha mtaa mzima. "Fundi, zako umezinyoa au zimekukimbia?" Anacheka nao, kisha akijifungia huko nyuma anaumia mpaka basi. Ndiyo maana alinunua ile kofia ya leza, yenye vitaa vyekundu ndani vya kuamsha nywele zilizolala. Akaivaa kila mchana, miezi ikapita, kichwa kikabaki kinang'aa vilevile. Aliyemuuzia alimwambia awe na subira, kwa wengine huchelewa, kwa wengine hugoma kabisa. Subira! Alitamani kuibamiza ukutani.

Sasa, jana yake alikuja mteja mgeni, nywele zimejaa, nyeusi ti, ananuka udongo uliolowa. Alinyolewa, akalipa, akaenda zake. Kinyozi, badala ya kuzifagia zile nywele, alizitazama kwa uchu, akazikusanya, akazitandaza ndani ya kofia, akaivaa na kuiwasha. Aliona ni mbegu tu, na mbegu ikipata mwanga itaota. Akili za mtu aliyekata tamaa hizo.

Na kweli ziliota. Ziliota haraka mno, nene, mpaka wateja wakaacha utani. Mkewe alipitisha vidole humo akicheka, kisha akavitoa ghafla.

"Baba watoto," akanong'ona, "mbona zinapumua?"

"Acha hizo."

"Nakwambia zinapumua. Na wewe umeanza kunuka kaburi."

"Miaka yote nachekwa! Leo nimepata, na wewe unaanza maneno!"

Kinyozi akasusa hata chakula.

Siku ya pili yake alikuwa akimnyoa baba mkwe ndevu, mchana kweupe, mzee amefumba macho, povu limemjaa kidevuni, mkewe ameketi kwenye benchi akimsubiri baba yake, ndipo ngozi ya kichwa ikaanza kumvuta kwa nyuma, nywele zikasimama moja moja, ile harufu ya udongo ikamjaa puani, na sauti isiyotoka redioni wala barabarani ikamwambia sikioni, kwa upole kama anayebembeleza mtoto, "Bonyeza," na wembe ukabonyeza, na si yeye aliyeubonyeza.

Damu ikachuruzika ndani ya povu.

"Mwanangu," mzee akasema kwa sauti ndogo, asithubutu kusogea, "unanikata."

Mkewe aliruka, akamdaka kifundo cha mkono. "Toa! Toa mkono!"

"Siwezi! Si mimi, mama watoto, wallahi si mimi!"

Wakavutana mpaka wembe ukaanguka sakafuni. Mwanamke akasimama anahema, taulo amelikandamiza shingoni mwa baba yake.

"Chagua," akasema. "Hizo nywele, au mimi na wanao. Nikitoka hapa na baba, sirudi tena."

Kinyozi akajitazama kwenye kioo. Zilikuwa nzuri, Mungu wangu, zilikuwa nzuri! Akalia kama mtoto. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, akamkabidhi mkewe mashine.

"Ninyoe."

Kila fungu lilipoanguka lililia, sauti nyembamba ya kutia meno ganzi, na mashine ikapata moto mpaka mkewe akaishika kwa kitambaa. Hakuacha. Alipomaliza, harufu ilikuwa imetoweka. Akazifagia zote, akaivunjavunja kofia, akavichoma vyote nyuma ya duka.

Alirudi ananuka moshi, akambusu utosini. "Hiki ndicho kichwa nilichokipenda."

Kinyozi akatabasamu. Alimpenda mkewe, na alimwonea mzee uchungu wa kweli. Lakini muda ule mkewe alipogeuka kufagia, fungu moja lilikuwa limebaki mapajani mwake, naye alikuwa amelitia mfukoni. Safari hii hakuna aliyemsukuma mkono.

"Twende nyumbani," mkewe akasema.

"Tangulieni. Nafunga duka."

Mle mfukoni, nywele zikajizungusha kwenye kidole chake, polepole, zikakaza. Naye hakukitoa.