Swali la Nne la Kipimamoyo

Mtu wa kwanza kuona kipimamoyo kikiruka hapa Dodoma ni mimi. Haya, wa kwanza baada ya mtaa mzima. Nilikuwa natafuta miwani, kumbe iko kichwani.

Kipimamoyo ni mashine inayopaa, ukubwa wake kama beseni la kufulia, na ina mikono minne. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, hufika kabla ya gari la wagonjwa, kikampima palepale alipo na kuwaarifu madaktari kama ni moyo au ni kiungulia tu. Wahandisi walikifundisha hata kuamkia, maana cha kwanza kilikuja na maswali bila salamu, wazee wakagoma kujibu.

Asubuhi hiyo kilitua sebuleni kwa Mzee Ndahani. Mkewe, Mama Sechelela, ndiyo kwanza alikuwa ametua begi, katoka msibani Kongwa alikokaa wiki nzima. Alimkuta mumewe kakumbatia kifua, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, babu," kipimamoyo kilisema, huku kikimbandika nyaya.

"Marahaba. Fanya haraka."

Mchoro wa moyo ulitoka mbaya: mshipa umeziba. Kikamtafunisha aspirini. Kikauliza maumivu yameanza lini, kama yanashuka mkononi, kama ana kisukari. Kisha swali la nne.

"Tangu jana umemeza dawa ya nguvu za kiume?"

"Mimi? Umri huu?" Mzee alimtupia mkewe jicho. "Kawaulize vijana!"

"Nauliza kwa sababu dawa ninayotaka kukuwekea chini ya ulimi hutanua mishipa. Zikikutana hizo mbili, presha inaporomoka. Utakufa kabla gari halijafika."

"Kameza nini huyu," alidakia Mama Sechelela. "Mwekee dawa, bwana, tupone."

Mkono wenye kidonge ukasogea. Mzee akabana midomo. Halafu akakivuta kipimamoyo karibu, akakinong'oneza.

Bahati mbaya kiliundwa kurudia majibu kwa sauti ili hospitali isikie. Kwenye makaratasi ya wahandisi hilo liliitwa usalama.

"Mgonjwa amethibitisha," kilitangaza. "Kidonge kimoja, jana saa tatu usiku. Dawa ya chini ya ulimi imesitishwa. Andaeni chumba cha kuzibua mshipa."

Mama Sechelela alilitazama begi lake, bado limefungwa.

"Jana saa tatu usiku," alisema polepole, "mimi nilikuwa Kongwa."

Mzee Ndahani akafumba macho. Kichwa kikalala upande, ulimi nje kidogo.

"Amezimia?"

"Hapana, bibi," kilijibu kipimamoyo. "Anakusikia vizuri kabisa."