Mguu Uliopangishwa

"Hospitali sirudi! Wakisikia haya wataukata, na mguu umeshapona."

"Umepona wapi, mume wangu? Jana umeshona hewa mchana kutwa, wewe mwenyewe umelala!"

Fundi cherehani akautazama mguu wake. Mkewe hakuwa mwongo.

Kwa muda mrefu damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye mguu wake wa kushoto. Vidole vilianza kuwa vyeusi, naye akauficha woga wake kwa utani mbele ya wateja, akiugonga mguu: "Chumba kitupu hiki! Asiye na kwake na ahamie." Kisha daktari akamtoa uboho ndani ya mfupa wa nyonga, akachuja seli shina, zile chembe changa, akazidunga kwenye kigimbi ili ziusaidie mguu kuotesha mishipa mipya. Mguu ukapata joto. Lakini damu iliporudi, ilimkuta mtu ndani.

Mchana huo mkewe alisikia tena cherehani ikilia, harufu ya majivu yaliyolowa ikamfikia, akachungulia na kumwona mumewe amelala kitini, kichwa kimeanguka kifuani, na chini mguu wa kushoto peke yake ukikanyaga na kukanyaga, sindano ikichoma pasipo kitambaa, mpaka ukasimama ghafla, na vidole vikageuka polepole kumwelekea yeye, kana kwamba vina macho.

Akakimbia kumwita mganga. Bibi yule alikishika kigimbi, akauliza taratibu, "Nani kakuleta?"

Mdomo wa fundi ukafunguka, sauti si yake. "Mwenyewe alinikaribisha."

"Basi mfukuze mwenyewe," mganga akamnong'oneza fundi alipozinduka.

"Toka," alisema fundi. "Chumba kina mwenyewe."

Mguu ukatulia, na joto lake likabaki. Nyayo mbichi, za kushoto tupu, zikatokea sakafuni moja baada ya nyingine hadi mlangoni.

"Msimkaribishe mtu kabla hamjamwona uso," mganga aliwaonya.

Kesho yake fundi aliinamia suruali ya mteja, akipiga mluzi, mguu ukimtii kama zamani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, karibu!" alijibu bila kuinua kichwa, kama alivyomjibu kila mteja maisha yake yote.

Harufu ya majivu yaliyolowa ilitangulia kuingia. Kisha sauti ikasema pale mlangoni:

"Ahsante. Safari hii nahamia nyumba nzima."