Macho Kisogoni

Siku ya sita ya juma, fundi viatu alishinda kwenye benchi lake akihangaika na kisigino kimoja tu. Wateja wengine aliwaambia waje kesho kutwa. Hawakumbishia, ingawa katika mji ule kesho kutwa ilikuwa ahadi kubwa kuliko inavyosikika.

Kiatu kilikuwa cha dada yake mkubwa. Siku nne nyuma aliteleza kwenye karakana ya sabuni, nyonga ikashtuka, na tangu hapo mguu wa kushoto ukawa kama umepungua kwa upana wa kidole. Kidole kimoja tu. Kwingine angepewa mkongojo na watu wangempisha njia. Hapa kidole kimoja kilitosha kumuua mtu.

Kila siku ya saba, jua likiwa utosini, lango la mji lilifunguliwa na kundi la mbwa mwitu likaingia. Ndivyo walivyopatana mababu: watu wapite uwanjani mbele ya kundi, nyumba baada ya nyumba, mmoja nyuma ya mwingine; kundi lichague mmoja; kisha kwa siku sita asiruke ukuta mnyama yeyote. Nyumba iliyoficha mtu iliingiwa, na hakutoka mtu. Jike aliyeongoza kundi walimpachika jina la Mama Mkwe, kwa sababu alikutazama kuanzia miguuni hadi kichwani na hakuridhika kamwe. Walicheka sana walipomtaja, ila wakiwa ndani, mlango umefungwa.

Ndani ndiko pia walikosemea pole. Nje neno hilo halikutamkwa. Ukijikwaa barabarani, jirani alikucheka au aligeukia pembeni, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake, maana anayekupa pole amekwisha kukutangaza kuwa mgonjwa, na masikio ya kule nje ya ukuta hayalali. Mwaka uliopita mume wa mama mpiga pasi, jirani wa ng'ambo ya barabara, aligonga kidole cha mguu kwenye kizingiti cha fundi. Fundi mdomo ukamponyoka. "Pole, kaka," alisema. Kesho yake yule bwana alipita uwanjani mzima kabisa, na hakufika upande wa pili.

Tangu hapo mama mpiga pasi hakuitikia salamu ya fundi. Alisimama dirishani kwake akinyoosha mashati ya watu, macho kwa fundi, na mara nyingine pasi ilikaa mahali pamoja mpaka kitambaa kikatoa moshi.

Jioni dada alivaa kiatu. Akatembea kutoka jikoni hadi mlangoni, akarudi.

"Unaonaje?"

Fundi aliyekipigilia mwenyewe hakuweza kusema mguu mbovu ni upi. "Dada, Mama Mkwe akikiona atataka na yeye nikampime."

Dada alicheka hadi akashika ukuta. Yeye ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipochaguliwa; alimfundisha kula, kusoma na kutembea bila kutetereka. Fundi hakuwa na mtu mwingine duniani, na alilijua hilo kila alipomsikia akicheka. Kisha kicheko kikakoma.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kesho macho kisogoni kwangu. Usiniangalie miguu."

"Najua, dada."

"Hujui. Wewe mtu akikusalimu unaviitikia viatu vyake." Akakaa, akashusha sauti. "Swala mgonjwa hajulikani kwa mguu wake. Hujulikana kwa mama yake anavyogeuza shingo. Wale hawatutazami sisi. Wanatazama tunakotazama."

Kesho yake, saa sita, lango lilifunguliwa.

Walikuwa kumi na mmoja. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta, mkao mmoja, vinywa vimefumbwa. Joto lilikuwa la kuchemsha maji, na hakuna hata mmoja aliyetoa ulimi.

Nyumba ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tano. Waliovuka walisimama upande wa pili wakawakodolea macho waliobaki. Hawakuwaombea heri. Walitaka mmoja apatikane upesi wakapike. Mama mpiga pasi alikuwa miongoni mwao, mikono kifuani, akimsubiri fundi.

Ikafika zamu yao. Dada mbele, fundi nyuma.

Dada alitembea vizuri. Ee, alitembea! Mabega sawa, hatua sawa, kama mwenye uwanja. Fundi alikaza macho kisogoni pake, penye kovu dogo la magadi ya sabuni. Hatua kumi. Hatua ishirini. Mama Mkwe hakutikisa hata sikio. Kifuani mwa fundi ikaanza kupanda furaha, akaimeza.

Katikati ya uwanja akasikia kitu.

Tok. Tok. Tik.

Msumari. Msumari mmoja wa kisigino cha kushoto haukuzama. Hakuna mwingine angesikia. Lakini fundi ni fundi, na sikio lake halikuwahi kumdanganya.

Usiangalie.

Tok. Tik.

Kikichomoka, dada ataanguka hapa hapa.

Akaangalia. Kupepesa tu. Chini, juu.

Msumari ulikuwa sawa. Kiatu kilikuwa sawa kabisa.

Alipoinua macho, Mama Mkwe alikuwa anamtazama. Si dada. Yeye, fundi, machoni. Kisha taratibu yule jike akashusha kichwa, akaifuata njia ile ile ambayo macho ya fundi yalipita, mpaka chini, mpaka kwenye kisigino cha kushoto.

Akasimama. Kumi wakasimama.

Dada hakupiga kelele. Aligeuka, akauona uso wa mdogo wake, akaelewa. Hakukasirika. Mbele ya kundi na mbele ya mji mzima alinong'ona neno lisilotamkwa nje.

"Pole."

Fundi alibaki amesimama pale hata lango lilipokwisha kufungwa. Waliompita walitema mate.

Usiku ule hakulia. Alikwisha kupewa pole hadharani. Baada ya siku saba angechaguliwa yeye, na aliona ni haki, hata alitamani ziishe upesi. Alifunga mlango kwa komeo akalala. Alfajiri komeo lilikuwa mahali pake. Juu ya benchi, kwenye kipande cha ngozi aliyokuwa akikatia soli, palikuwa na fungu la nyama. Limewekwa vizuri, bila tone pembeni.

Kila mtoto wa mji ule alijua desturi ya kundi: aliyeona windo hutengewa fungu lake.

Alilizika nyuma ya nyumba, akatapika, akarudi kulifukia chini zaidi.

Siku ya saba alipita uwanjani peke yake, macho ameyafumba, akitembea kwa kuhesabu hatua. Alingoja meno. Hayakuja. Alisikia kundi likisogea kumpisha, manyoya yakamgusa kiganja, kisha nyuma yake mtu akapiga yowe. Alikuwa muuza maji, aliyekuwa akingoja zamu yake, na kumbe alikuwa na kikohozi alichokificha miezi mitatu.

Jioni mama mpiga pasi alimsemesha kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alisimama dirishani, hakuthubutu kuvuka barabara.

"Nilifumba macho," fundi alimwambia. "Uliniona. Nilifumba."

"Macho ulifumba," alinong'ona yule mama. "Pua je? Ulipompita muuza maji uligeuza shingo ukanusa."

Akafunga dirisha.

Fundi alipiga komeo, akasogeza benchi likauzuia mlango, akalala juu yake, kisu cha ngozi mkononi. Hakuwa amekula tangu juzi. Chakula chote kilimkataa.

Kulipokucha komeo lilikuwa mahali pake na kisu kilikuwa mkononi. Fungu la nyama lilikuwa sakafuni, kando ya kichwa chake, limeliwa nusu. Fundi alikaa akalitazama kwa muda mrefu, na hakusikia njaa.