Mwanamize na Dawa ya Mafuta ya Damu

Mwanamize anakaa Gombani, Chake Chake. Kazi yake ni kushona kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyodariziwa kwa mkono. Akimaliza kazi za nyumbani, hukaa na sindano yake barazani mpaka adhuhuri, na alasiri hurudi tena. Mumewe, Duni, hupakia mizigo bandarini Wesha.

Mwaka jana dada yake, Masika, alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia haunyanyuki tena. Mwanamize akaingia hofu, akaenda hospitali kupima. Damu yake ilikutwa na mafuta mengi, yale yanayoitwa kolesteroli. Daktari akampa vidonge, ameze kimoja kila siku. Akamwambia pia apunguze vyakula vya kukaanga.

Baada ya miezi minne Mwanamize alipanda mizani. Zamani alikuwa na kilo sabini na nane. Sasa zilikuwa themanini na mbili.

"Dawa hii inaninenepesha!" alimwambia mumewe. "Na mie nilidhani itayayeyusha mafuta haya ya tumboni."

"Kamuulize daktari," alisema Duni.

"Nimuulize nini, na mizani ishasema?"

Akavificha vidonge kabatini, chini ya kanga. Hakumeza tena.

Wiki mbili baadaye alikuja jirani yake, Bi Mgeni, kuchukua kofia aliyomwagizia mumewe. Bi Mgeni ni muuguzi.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

"Tupo, Bi Mgeni. Karibu ndani."

Mwanamize akaleta chai na sahani ya mihogo ya kukaanga. Wakawa wanakula na kuzungumza.

"Na dawa yako unaimeza vizuri?" aliuliza Bi Mgeni.

Mwanamize akainamisha kichwa. "Nimeiacha. Imeninenepesha."

Bi Mgeni akaweka kikombe chini. "Mwenzangu, umejiweka hatarini. Mafuta ya kwenye damu na mafuta ya tumboni si kitu kimoja. Dawa ile hufanya kazi kwenye ini. Hupunguza mafuta ya damu, mishipa isije ikaziba ukapata kiharusi kama Masika. Haikutengenezwa kupunguza unene."

"Kwa hivyo hainenepeshi?"

"Wako watu huongezeka uzito wakiitumia, lakini huwa kidogo. Mara nyingi sababu ni nyengine. Hebu niambie kweli, mihogo hii umeanza lini kuila?"

Mwanamize akaitazama sahani. Tayari alikuwa amekula vipande vitano.

"Aliponikataza daktari niliacha," alisema taratibu. "Kisha nikasema, dawa si ipo? Itanilinda. Nikarudia mihogo, nikarudia na maandazi."

"Basi hapo ndipo zilipotoka kilo zako! Na kutwa nzima umekaa unashona. Kesho twende kwa daktari. Dawa kama hii huiachi mwenyewe. Ukiona inakusumbua, au viungo vinauma, unasema, naye atajua la kufanya."

Wakaenda. Daktari alimpima, akamwambia aendelee na dawa ile ile.

Mwanamize akabadilisha mapishi. Mihogo akaichemsha. Samaki akampika kwa ndimu na bilauri moja ya maji, bila ya mafuta. Sukari ya chai akaipunguza nusu. Siku ya kwanza Duni alinung'unika. Siku ya tatu aliomba mchuzi uongezwe.

Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, Mwanamize alizunguka uwanja wa mpira pamoja na Bi Mgeni. Mwanzo alichoka mzunguko wa kwanza. Mwezi wa pili alikuwa anazunguka mara tano huku anazungumza.

Baada ya miezi mitatu alirudi hospitali, na Duni akamsindikiza. Mafuta ya damu yalikuwa yameshuka sana. Mizani ilisoma kilo sabini na saba.

"Dawa umeimeza?" aliuliza daktari.

"Kila siku, wallahi. Dawa inafanya kazi yake, na mie nafanya yangu."

Daktari akacheka. Duni, aliyekaa pembeni, akavuta kiti mbele na kukunja mkono wa shati.

"Daktari," alisema, "na mie nitoe damu unipime."