Punje ya Mkononi mwa Asmaa

Kila asubuhi pale Soweto, jijini Mbeya, Mwanaidi alikaa kibarazani akipepeta mchele wa Ubaruku aliokuwa akiuuza. Ungo ulipanda na kushuka, pumba ziliruka, na jina moja lilisikika mtaa mzima.

"Asmaa! We Asmaa!"

Kimya. Asmaa, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa chumbani akifunga kamba za viatu, na alisikia vizuri sana. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Ni uvivu tu uliomziba mdomo.

"Ukiitwa, sema abee!" Mama alifoka. "Mtoto gani wewe usiyeitika?"

Kuaga nako kulimshinda. Alitoka alivyotaka, na akirudi alisema alikuwa madrasa. Basi zilipovuma habari za mtoto aliyepotea huko Mbalizi, Mwanaidi alikosa raha kabisa. Jioni moja alimshika binti yake mkono, akabonyeza mahali penye kovu la zamani, juu kidogo ya kiganja. Asmaa alikatwa na bati alipokuwa mdogo, akashonwa, na chini ya kovu kikabaki kivimbe kigumu chenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Unajua hii ni nini?" Mama alinong'ona. "Siku ile daktari alikutia chombo humu. Simu yangu inanionyesha kila unapokwenda. Leo, kwa mfano, hukwenda madrasa. Ulikuwa kwenye mashine ya mpunga."

Asmaa aliuvuta mkono wake upesi. Ni kweli alikuwa mashineni, wala hakuonana na mtu yeyote anayemjua.

Kesho yake alikwenda kimyakimya kwa rafiki yake Eveline. Aliporudi, Mama hata hakuinua uso. "Kumbe kina Eveline wamekaanga dagaa leo," alisema, akaendelea kupepeta.

Usiku, kitandani, Asmaa aliigusa ile punje. Ilikuwa ikidunda. Du, du, du, polepole, kana kwamba kuna kitu kilicho hai chini ya ngozi kikihesabu. Aliogopa sana. Tangu siku hiyo alilala mkono ukiwa nje ya blanketi, mbali na uso wake.

Lakini mwanadamu huzoea. Baada ya wiki chache woga ulipungua, ukabaki uvivu ule ule, safari hii ukiwa na sababu. Ya nini kuaga, na Mama anaona? Ya nini kuitika, na anajua nilipo?

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, Eveline alimwalika kwenda kula mafyulisi, yale matunda matamu yenye ngozi ya manyoya laini, kwa bibi yake, mlimani Loleza, ng'ambo ya msitu wa misindano, miti mirefu yenye majani kama sindano. Mama alikuwa uani, simu yake iko mezani. Asmaa aliipungia ile simu mkono wenye kovu, akacheka, akaenda zake.

Walikula mafyulisi hadi midomo ikanata. Eveline alikuwa alale huko huko, na jua lilipoanza kushuka bibi alichukua fimbo yake ili amsindikize mgeni.

"Usihangaike, bibi," alisema Asmaa. "Mama ananiona."

Bibi akadhani mama mtu anamngoja hapo chini ya kilima. Akamwacha aende.

Alikuwa katikati ya msitu ukungu uliposhuka. Uliziba kwanza vilele, kisha mashina, kisha njia yenyewe. Asmaa alitembea, akakuta amerudi kwenye kisiki kile kile. Akatembea tena, na kisiki kikamngoja tena. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani, tone, tone, na nyuma yake kitu kikavunja kijiti. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Akaketi juu ya kisiki na kuuweka mkono karibu na mdomo. "Mama, niko hapa," aliuambia. "Njoo."

Punje ilidunda. Akafarijika.

Mara akasikia sauti nzito, isiyo na mwenyewe, ikielea ndani ya ukungu. "Mtoto! Mtoto weee!"

Asmaa aliziba mdomo. Huyo si Mama. Sauti ilikaribia, nyayo zikakanyaga majani makavu, mwanga hafifu wa tochi ukapita upande wa kushoto. "Mtoto weee! Uko wapi?" Akajikunyata. Mama atakuja mwenyewe, ananiona. Mwanga ukafifia, na msitu ukanyamaza tena.

Baridi ya Mbeya haina masihara. Vidole vilikufa ganzi, meno yakagongana, giza likaanza kuingia. Asmaa alijikumbatia, na kwa bahati vidole vyake vikagusa mkono wa pili, ule usio na kovu.

Du, du, du.

Akaizuia pumzi yake. Akagusa tena. Huku du, huku du, mikono yote miwili kwa pamoja. Mkono huu haukuwa na punje yoyote! Basi kilichodunda siku zote kilikuwa damu yake mwenyewe, na Mama hakuwa akiona chochote. Hakuna mtu duniani aliyejua alipo.

Alisimama, akavuta hewa yote aliyoweza. "Abee!" alipiga kelele. "Abeee! Niko hapa! Abeee!"

Ukungu uliimeza sauti yake. Akaita tena huku akilia, mpaka koo likauma. Ndipo mwanga wa tochi ukageuka, ukaanza kurudi.

Alikuwa Mzee Ambokile, mlinzi wa msitu. "Ee Kyala, Mungu wangu!" alisema, akimvika koti lake. "Bibi yake Eveline amenipigia simu ukungu uliposhuka. Nimepita hapa hapa nikiita, mjukuu wangu. Mbona hukuitika?"

Asmaa aliuficha mkono wenye kovu ndani ya koti.

Walipofika Soweto walimkuta Mwanaidi mlangoni, kanga imelowa, macho yamevimba. Alikuwa ametoka kumtafuta Mbalizi kwa shangazi yake Asmaa, baada ya kumuulizia madrasa bila mafanikio. Alimkumbatia binti yake kwa nguvu.

"Mama," Asmaa aliuliza, "hakuna chombo mkononi mwangu, sivyo?"

Mwanaidi aliinamisha kichwa. "Hakuna, mwanangu. Nilikudanganya. Siku ile nywele zako zilijaa pumba za mashineni, na kesho yake ulinuka dagaa. Ni macho na pua tu." Kisha akamgeukia mzee. "Lakini baba, nasikia vitu hivyo vipo. Kesho nitatafuta cha kweli."

Mzee Ambokile alitikisa kichwa. "Mama Asmaa, hata kingekuwa cha kweli, kingekaa kimya mle msituni pamoja naye. Mimi nilikuwa karibu nimguse. Kilichokosekana ni neno moja. Wewe binti, ukitoka sema ukweli unakokwenda, na ukiitwa itika. Na wewe mama, usimpe mtoto ulinzi wa uongo, maana atauegemea siku ya hatari."

Mama na mtoto walitazamana, wote wawili wakiona aibu.

Jumamosi iliyofuata ukungu ulishuka tena, mzito, mpaka mlango wa jirani haukuonekana. "Mama, nakwenda madrasa," Asmaa aliaga, akaingia ndani ya ule weupe, akatoweka.

Mwanaidi alisimama kibarazani na ungo wake, akaita. "Asmaa!"

"Abee, mama!" sauti ikajibu kutoka kwenye ukungu.