Siku ya Supu ya Maharage

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni simu ilikuwa ikilia, na kila Alhamisi nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu.

Siku zangu zilifanana. Nikitoka shule nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikafungua mlango na kuwasha redio ili nyumba isiwe kimya mno, kisha nikapasha moto chakula alichoacha Baba. Baba alifanya kazi ya zamu kwenye bandari ya mto Danubi, akirudi mimi nimeshalala. Mama, Iliyana kwa jina, alikuwa Italia, mjini Bologna, mwaka wa tatu sasa. Kazi yake ilikuwa kumtunza kikongwe wa huko anayeitwa Bi Ornella, ambaye watoto wake hawakuwa na nafasi. Na bibi yangu, Bibi Nevena, aliyemzaa Mama, alikuwa kwenye nyumba ya wazee mwisho wa mji wetu.

Bibi alipelekwa kule kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau sufuria kwenye moto. Baadaye akasahau njia ya kurudi kutoka dukani. Halafu asubuhi moja ya Januari akatoka na kandambili kwenye theluji, anamtafuta dada yake Sevda, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Mama alilia sana kwenye simu, kisha akasema hakuna njia nyingine. Akaniomba jambo moja tu: niende kumwona Bibi kila Alhamisi, halafu jioni nimweleze alivyo.

Kwa hiyo simu ikilia nilieleza.

"Umekwenda kwa Bibi?"

"Nimekwenda, Mama."

"Amekula?"

"Kala supu yote! Hata mkate kachovya."

"Kakuita jina?"

"Kaniita Zorni, kama zamani."

Hapo Mama alicheka, na mimi nikapenda kukisikia kicheko chake. Jina langu ni Zornitsa, lakini Bibi alikuwa akiniita Zorni tangu nikiwa mchanga. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga nyumba ya wazee tangu tarehe mosi Machi, na sasa tulikuwa mwisho wa Mei.

Tarehe mosi Machi nilikwenda na martenitsa, uzi wa rangi nyekundu na nyeupe tunaofungana mkononi siku hiyo. Ukifungwa huuvui mpaka umwone korongo wa kwanza aliyerudi baada ya majira ya baridi, au mti uliochanua; hapo unauvua na kuufunga kwenye tawi. Bibi ndiye aliyekuwa akinifunga mimi miaka yote. Mwaka huu nikamfunga yeye. Aliutazama mkono wake kwa furaha, akaupiga busu.

"Mti ukichanua nitakuja," nilimwambia. "Tutaufunga kwenye tawi pamoja, mimi na wewe."

"Nitakusubiri," akasema. Kisha akanitazama usoni kwa upole, akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nililia njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu aliyenilea alikuwa ananiuliza mimi ni wa nani.

Wiki iliyofuata mazoezi ya mpira wa wavu yalihamishiwa Alhamisi saa kumi. Nikajiambia: nikienda kwa Bibi nitapoteza nafasi yangu kwenye timu, na yeye hata hatakumbuka kwamba nilifika. Basi kuna tofauti gani? Mwezi wa Aprili miti ya plamu ilipochanua karibu na shule, mimi na wenzangu wa timu tukafunga nyuzi zetu matawini, tukapiga picha. Nilimkumbuka Bibi kidogo, kisha nikakimbia uwanjani.

Alhamisi ile ya mwisho wa Mei nilicheza vizuri. Boryana, nahodha wetu, alinigonga bega akasema, "Leo umekula nini, wewe? Mpira unaupiga kama umekutukania ukoo!" Nilirudi nyumbani nikiwa bado natabasamu. Simu ikalia.

"Umekwenda kwa Bibi?" aliuliza Mama. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Nimekwenda. Kala supu yote."

"Sista Vanya wa nyumba ya wazee amenipigia leo mchana. Anasema Bibi ana kidonda mkononi. Ile martenitsa hajaivua mpaka leo. Mkono umevimba, uzi umezama kwenye ngozi, na kila wakitaka kuukata anapiga kelele na kuwapiga. Kesho kutwa asubuhi daktari anakuja. Watamshika, wamkatie kwa nguvu. Mama yangu, ashikwe na watu wanne kama mwizi!" Alivuta pumzi. "Zorni, wewe ulikuwa huko leo. Mbona hukuniambia?"

Nikahisi uso unawaka. "Alikuwa amevaa sweta, Mama. Sikuuona mkono."

Hata hapo nilidanganya. Usiku sikupata usingizi.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda. Nyumba ya wazee ilikuwa na harufu ya sabuni na kabichi, vilevile kama nilivyoiacha. Sista Vanya, muuguzi mnene mwenye viatu vyeupe, alikuwa akisukuma toroli la dawa. Aliponiona akasimama.

"Heee! Kumbe upo? Mimi nilidhani na wewe umehamia Italia."

"Shikamoo, Sista. Bibi yuko wapi?"

"Yuko chumbani, amegeukia ukuta. Leo siyo siku yake." Akaniangalia juu mpaka chini, hasira ikampungua kidogo. "Siku yake ni Alhamisi. Unajua anaijuaje Alhamisi, mtu asiyejua ni mwaka gani? Supu ya maharage. Hapa maharage hupikwa Alhamisi tu. Akishamaliza bakuli anavaa koti, anajifunga kitambaa, anakwenda kukaa kwenye kiti pale mlangoni. Anakaa mpaka chakula cha jioni."

"Anafanya nini?"

"Anasubiri. Aprili niliwatoa wazee wote uani, mti wa jirani ulikuwa umechanua. Wenzake wakavua nyuzi zao. Yeye akakataa. Anasema amemwahidi mtu. Namuuliza, mtu gani, Bibi Nevena? Anasema hamjui. Lakini atakuja."

Alhamisi kumi na mbili. Nilizihesabu pale pale nimesimama ukumbini. Nilikuwa nimejua kwamba Bibi atanisahau. Sikuwahi kufikiri kwamba angeweza kunisahau na bado akanisubiri.

Chumbani nilimkuta amelala juu ya blanketi, mdogo kuliko nilivyomwacha. Uzi ulikuwa umechafuka mpaka nyekundu na nyeupe hazitofautiani. Pembeni yake ngozi ilikuwa imevimba na kutoa majimaji. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, nimekuja. Twende tukauvue uzi."

Aligeuka, akanitazama kwa adabu kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akaufunika mkono kwa kiganja.

"Hapana, mwanangu. Asante. Nimemwahidi mtu, siwezi kwenda na wewe. Akija asiponikuta je?"

"Mtu huyo ni mimi, Bibi."

"Wewe?" Akatabasamu. "Wewe siye. Usinitanie."

Sista Vanya alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama. Niliona kwamba kuna neno moja tu la kweli lililobaki, na ndilo lile nililokuwa nalikimbia tangu Machi.

"Bibi," nikasema. "Yule mtu hakuja. Alisema atakuja, hakuja. Alikuwa anakwenda kucheza mpira. Na kila Alhamisi alimdanganya mama yake kwamba alikuja. Amekosa. Anaomba umsamehe."

Bibi alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Hajaugua?" aliuliza.

"Hajaugua, Bibi."

"Hajaanguka njiani?"

"Hapana. Mzima kabisa."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yake yote yakalegea. "Basi afadhali. Mimi nilikuwa nadhani ameugua."

Nilijifunika uso nikalia. Yeye akanipapasa kichwani kwa mkono ule wenye kidonda, akasema, "Haya, haya, basi," kama anavyotulizwa mtoto wa mtu yeyote. Kisha akauliza, "Koti langu liko wapi?"

Miti yote ilikuwa imeshapukutisha maua, lakini juu ya nguzo ya umeme karibu na kituo cha treni kulikuwa na kiota cha korongo. Sista Vanya alimwachia mwenzake toroli, akatia mkasi na dawa ya kidonda mfukoni, akanguruma, "Nina wazee thelathini na mguu unaniuma, lakini twendeni." Tulitembea polepole, Bibi katikati. Watu waligeuka kumtazama bibi aliyevaa koti la baridi na jua lote lile. Sikujali.

Korongo alikuwa kiotani, amesimama kwa mguu mmoja. Karibu yake vilitokeza vichwa viwili vya makinda. Bibi alimtazama mpaka macho yakatoa machozi kwa mwanga.

"Karudi," akasema.

"Karudi, Bibi."

Akanyoosha mkono mwenyewe. "Kata, binti," akamwambia Sista Vanya. "Polepole."

Sista aliukata uzi, akasafisha kidonda na kukifunga bendeji. Bibi hakupiga kelele. Alikunja uso tu. Pale kwenye ua wa kituo palikuwa na mti wa plamu uliokwisha kuzaa vijitunda vya kijani. Tukaufunga uzi kwenye tawi, mimi nikishika upande mmoja na yeye upande mwingine. Vidole vyake vilikosa fundo mara mbili. Nikasubiri, na mara ya tatu akapata.

Jioni ile sikungoja simu. Nilipiga mwenyewe, nikamweleza Mama yote, kuanzia tarehe mosi Machi. Nilisema haraka haraka kwa kuogopa kwamba nikipumzika sitamaliza. Nilipofika mwisho, nikasikiliza upande wa pili. Nilisikia vyombo, na sauti ya kizee ikiuliza jambo kwa Kiitaliano.

"Unamsikia?" Mama alisema hatimaye. "Huyo ni Bi Ornella. Ananiuliza mwanawe atafika saa ngapi. Kila siku ananiuliza. Mimi namwambia yuko njiani. Miaka mitatu sasa, Zornitsa, namchukia huyo mwanawe ambaye sijawahi kumwona, naosha vyombo huku nikisema, ni mtu wa namna gani asiyekuja kumwona mama yake? Na nilikuwa nikijifariji kwamba sisi hatuko hivyo. Mama yangu ana Zorni."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekasirika. Acha nikasirike leo." Akapenga kamasi. "Lakini umesema mwenyewe, sikukukamata mimi. Hilo nimeliona. Na mimi pia nina kosa. Nilimtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima, halafu nikawa nauliza maswali yenye jibu moja tu ninalolitaka. Kuanzia sasa ukishindwa kwenda, sema umeshindwa. Ukiumia, sema umeumia."

Jumatatu nilizungumza na kocha. Akanihamishia kundi la Jumatatu, ambako wengi ni watoto wa darasa la nne na wavu wameushusha. Boryana alinicheka: "Nenda kawalee, yaya!" Liliniuma, sitasema halikuniuma.

Alhamisi nilifika wakati maharage bado yanapakuliwa. Nikala pamoja na Bibi. Alipomaliza alivaa koti na kitambaa, akaenda kwenye kiti chake mlangoni, bendeji nyeupe ikichungulia kwenye mkono wa koti. Nikavuta kiti kingine.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza.

"Wa Iliyana."

"Iliyana wangu?"

"Wako, Bibi."

"Basi kaa," akasema, akinisogezea mkoba wake upande. "Namsubiri mtu. Lakini mpaka aje, kaa na mimi."

Nikakaa mpaka chakula cha jioni. Nilipofika nyumbani simu ilikuwa ikilia.

"Amekula?" aliuliza Mama.

"Nusu. Mkate hakuutaka."

"Kakuita jina?"

"Hapana, Mama. Hakunijua. Lakini alinishika mkono, na kidonda kinapona."

Mama alikaa kimya, na safari hii niliuacha ukimya ule bila kuujaza.

"Asante, mwanangu," alisema. "Miezi mitatu umenipa habari nzuri, nikazifurahia, na hazikuwa za mama yangu. Mtu akikudanganya kwa utamu, anakunyang'anya yule unayempenda bila wewe kujua. Leo umenirudishia. Anakula nusu, hataki mkate, hakujui, anakushika mkono. Huyo ndiye mama yangu. Sasa niambie, alivaa kitambaa gani?"

"Cha bluu," nikamwambia, "kile chenye maua." Nikavuta kiti karibu na simu, nikaanza tena tangu mwanzo.